Kompresa ya 100 m³/h ikifika Dar inabaki na ngapi?

Pampu za maji kwenye maduka ya Gerezani, Kariakoo, zina vibati vya kila namna: hii imeandikwa L/min, ile m³/h, nyingine GPM (galoni kwa dakika). Kwa maji hiyo ni kazi ya kuzidisha tu. 1 m³/h ni lita 16.67 kwa dakika, na lita 1 kwa sekunde ni 3.6 m³/h. Ukizishika hizo mbili huhitaji jedwali.

Penye mtego ni galoni. Ya Marekani ni lita 3.785, ya Uingereza ni lita 4.546, na kibati mara nyingi hakisemi ni ipi. Pampu ya 20 GPM inaweza kuwa ya lita 76 au lita 91 kwa dakika. Kama kibati kina GPM na L/min kwa pamoja, gawanya L/min kwa GPM, jibu litakwambia galoni ni ya nani.

Kingine, Q max (mtiririko mkubwa kabisa) na H max (kimo kikubwa kabisa) za kwenye kibati havikutani hata siku moja. Q max ya lita 40 kwa dakika ni pale maji yanapotoka bila kupanda. H max ya mita 35 ni pale maji yamefika juu na kusimama, hayatoki tena. Anayepiga hesabu ya tanki la lita 5000 juu ya paa kwa kugawanya na 40 anapata dakika 125, kisha anashangaa saa ya tatu inapita na tanki halijajaa. Pima kulekule juu: ndoo na saa ya simu vinatosha. Lita 20 kwa sekunde 48 ni 20 ÷ 48 × 60, yaani lita 25 kwa dakika, au 1.5 m³/h. Ila usiamini ukingo wa ndoo. Iweke kwenye mizani mara moja, tia kilo 20 za maji bila kuhesabu uzito wa ndoo yenyewe, chora mstari hapo.

Hewa haiko hivyo. Lita moja ya maji asubuhi ni lita moja mchana, lakini m³ moja ya hewa haina maana mpaka useme iko kwenye presha gani na joto gani. Kugeuza CFM (futi za ujazo kwa dakika) kuwa m³/h kwa kuzidisha na 1.699 ni sahihi kabisa, mradi pande zote mbili zinazungumzia hali ileile. Shida ni herufi zinazotangulia kipimo, N au S. Nm³ ni gesi kavu kwenye 0 °C na 101.325 kPa. Sm³ kwa kawaida ni 15 °C, presha ileile, kwa hiyo Nm³ 1 ni Sm³ 1.055. SCFM, yaani CFM kwenye hali sanifu, ndiyo yenye utata zaidi: wengine huihesabu kwa 60 °F, wengine kwa 68 °F. Muuzaji asipotaja joto, muulize kabla hujalipa.

Sasa tuje Dar. Chukua mchana wa 32 °C, unyevu 75%, presha ya usawa wa bahari. Kwenye joto hilo mvuke wa maji ukishiba una presha ya 4.76 kPa, asilimia 75 yake ni 3.57. Hewa kavu inabaki na 101.325 − 3.57 = 97.76 kPa. Basi m³ 100 zilizovutwa na kompresa ni:

100 × (97.76 ÷ 101.325) × (273.15 ÷ 305.15) = 86 Nm³

Mashine inayohitaji 100 Nm³/h ukiinunulia kompresa ya 100 m³/h, umepungukiwa 14% kabla hata haijachakaa. Inayotakiwa ni ya 116 m³/h hivi, au 68 CFM. Na ule mvuke haupotei: kila m³ iliyovutwa ina gramu 25 za maji, kwa hiyo kwa m³ 100 zikikandamizwa hadi bar 7 na kupoa hadi 40 °C, karibu lita 2 za maji hudondoka kila saa. Ndiyo hayo yanayojaa chini ya tanki la hewa pale ambapo hakuna anayekumbuka kufungua bomba la kutolea maji.

Kosa ninaloliona sana ni la geji. Geji husoma sifuri ikiwa wazi hewani, kumbe hapo presha kamili ni bar 1.013. Mtiririko wa 10 m³/h ndani ya bomba lenye bar 7 za geji na 35 °C ni 10 × (8.013 ÷ 1.013) × (273.15 ÷ 308.15), karibu 70 Nm³/h. Ukisahau kujumlisha ile 1.013 unapata 61. Kwenye presha ndogo makosa ni makubwa mno: kwa bar 0.2 za geji unapata sehemu moja ya sita tu ya jibu sahihi. Joto nalo liingie kwa kelvini (°C jumlisha 273.15), siyo 35.

Mwisho, rotamita, ile mrija wa kioo wenye kielea ndani. Namba zake zimechorwa kwa gesi moja na presha moja. Iliyopimwa kwa hewa ya kawaida, ukiifunga kwenye laini ya bar 3 za geji ikasoma 10, kinachopita ni karibu 20 kwa kipimo cha kawaida, kwa sababu kipeuo cha pili cha 4.013 ÷ 1.013 ni 1.99. Ukipitisha CO₂ kwenye mrija wa hewa, zidisha na 0.81, argoni, 0.85. Na angalia valvu ya kurekebishia iko wapi: ikiwa baada ya mrija, kielea kinakaa kwenye presha ya laini na hesabu hiyo inahusika, ikiwa kabla ya mrija, na mbele ya mrija gesi inatoka wazi, kielea kiko kwenye presha ya hewa ya kawaida na namba unaisoma kama ilivyo.