Je, wajua kwa nini nyanya laini inamaliza makali ya kisu cha chuma?

Hili swali limenikaa kichwani muda mrefu, tangu enzi zile namsaidia mama mdogo kuandaa migebuka pale Kibirizi, Kigoma. Samaki laini, nyanya laini, kitunguu ndo kabisa, chuma kigumu, sasa inakuwaje ndani ya wiki mbili tatu anayeshindwa ni kisu na sio nyanya? Unakuta mtu anaikandamiza nyanya mpaka inapasuka mbegu zinaruka, kisu chenyewe hata ganda hakijalipita.

Jibu lipo kwenye sehemu ambayo macho hayaioni. Makali ni pale pande mbili za bapa zinapokutana, na kisu kikinolewa vizuri ule ukingo unakuwa mwembamba kiasi kwamba haufiki hata mikroni moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, wakati unywele wa kichwani una mikroni 50 mpaka 100 hivi. Chuma ni kigumu ndio, lakini chuma chembamba hivyo kinapinda. Chukua msumari wa inchi nne ujaribu kuukunja kwa vidole, huwezi, afu chukua waya mwembamba wa kufungia, unaukunja unavyotaka na ni chuma hichohicho.

Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT kule Marekani walitoa utafiti kwenye jarida la Science, waliangalia kwa darubini kali nini kinatokea wembe unaponyoa. Unywele ni laini kuliko chuma cha wembe kama mara 50, ila uliokuwa unameguka ni wembe! Walichoona ni kwamba chuma ndani hakiko sawasawa kote, kuna sehemu laini kidogo imekaa jirani na sehemu ngumu zaidi, sasa unywele ukiinama na kuusukuma ukingo kwa upande, palepale panapokutana hizo sehemu mbili ndo kipande kinatoka. Kisu cha jikoni nacho kinapata misukosuko ya aina hiyo kila siku, na juu yake kuna asidi ya nyanya na ndimu inayokula ukingo taratibu ukikiacha bila kukiosha.

Ila nyanya sio mkosaji mkuu. Mkosaji ni kile kilichopo chini ya nyanya.

Angalia watu wengi majumbani tunakatia wapi: kwenye sahani ya udongo, kwenye sinia, wengine kwenye kaunta ya vigae. Kioo na sahani ya udongo ugumu wake unalingana na wa kisu au unauzidi kabisa, kwa hiyo kila kisu kinapomaliza kupita kwenye kitunguu kinagonga jiwe. Bibi zetu wanaokatia kitunguu mkononi juu ya sufuria visu vyao vinakaa na makali muda mrefu, na sasa unajua sababu, makali hayagusi kitu kigumu hata mara moja. Kama huwezi kukatia mkononi (na sikulazimishi, vidole ni vyako) tafuta kibao cha mbao, kwa fundi seremala yeyote wa Mwanga au Ujiji utapata kipande cha mninga kilichobaki, mwambie akirande vizuri, basi. Afu ukishakata usikombe vitunguu kibaoni kwa makali, geuza kisu ukombe kwa mgongo. Magamba ya samaki pia, parua kwa mgongo wa kisu.

Sasa hapa ndo pana kitu nilichelewa sana kukijua. Kisu kikiacha kukata, mara nyingi makali hayajaisha, yamelala tu upande. Kinachotakiwa ni kuyasimamisha, sio kusaga chuma. Ndo kazi ya ile fimbo ya chuma yenye mpini wanayotumia wauza nyama, wanapitisha kisu mara tatu nne kila upande wanaendelea na kazi. Mama mdogo hana fimbo hiyo. Yeye kila asubuhi anageuza kikombe cha udongo, kile cha chai, kitako kinaangalia juu, pale chini kuna duara lisilo na rangi ya kung'aa, linakwaruza kidogo ukiligusa, anapitisha kisu pale kwa kukilaza, mara tano huku, mara tano kule, bila nguvu, unasikia ssss, ssss. Kazi ya nusu dakika, na kisu kinapita kwenye tumbo la mgebuka bila kuvuta. Lile duara ni udongo uliochomwa kwa moto mkali sana na ni gumu kuliko chuma, kwa hiyo linanyoosha na kunoa kidogo hapohapo.

Ikifika siku kikombe hakisaidii tena, hapo kweli makali yameisha na unahitaji jiwe. Nunua lile la pande mbili, upande wa chembe kubwa na upande laini, lilowanishe kabla hujaanza. Shida ya wengi ni pembe. Fanya hivi: simamisha kisu wima juu ya jiwe, kilaze nusu ya hapo, ni digrii 45, kilaze tena nusu yake, uko kwenye 22, shusha kidogo tu tena, hapo uko kwenye 15 mpaka 20 ambayo ndo pembe ya visu vingi vya jikoni. Ibakie hapohapo, usiyumbe. Noa upande mmoja mpaka ukipitisha dole gumba kutoka mgongoni kuelekea nje ya makali (usifuate urefu wa makali, utajikata) unasikia kama kinywele cha chuma kimejikunja upande wa pili, kuanzia mpini mpaka ncha. Kama hujakisikia hujafika, endelea. Ukikisikia geuza, ufanye hivyohivyo, afu malizia upande laini wa jiwe kwa mkono mwepesi.

Ngazi ya saruji achana nayo jamani, ule mchanga unachana makali vibaya na kukila kisu bure. Na mashine ya kunolea inayozunguka ikiwa kavu nayo ni hatari, kuna fundi alimnolea mama mdogo kisu chake kizuri kikarudi na ukingo wa bluu, ile rangi maana yake chuma kilipata moto wa karibu digrii 300, ugumu umeondoka, kila ukinoa kinaisha siku hiyohiyo. Mwambie fundi achovye kwenye maji kila mara, akikataa chukua kisu chako uondoke.

Kwenye kununua nenda na sumaku, hata ya spika mbovu ya redio. Chuma cha stenlesi kinaitwa hivyo kikiwa na kromiamu angalau asilimia 10.5, hiyo ndo inayozuia kutu, lakini kuna stenlesi ya masufuria na vijiko ambayo haiwezi kufanywa ngumu kwa moto, na hiyo sumaku haiishiki au inaishika kwa shida. Bapa lisiloshika sumaku liache dukani, hata liwe linang'aa vipi. Sumaku ikishika haimaanishi kisu ni kizuri moja kwa moja, angalia pia chuma kimeingia mpaka mwisho wa mpini au kimeishia katikati, na bapa linavyozidi kuwa jembamba kuelekea kwenye makali. Visu vya chuma cha kawaida, kama vile wahunzi wanavyofua kwa springi za gari, mi navipenda sana, vinanoleka haraka, ila vinataka kukaushwa palepale na kupakwa mafuta kidogo, ukisahau usiku mmoja unaamka na kutu.

Hata stenlesi usiilaze kwenye beseni la vyombo, chumvi ya samaki inaitoboa vitundu vidogo na mpini wa mbao unavimba. Osha, futa, kiweke peke yake, sio kwenye kopo la vijiko. Mi nimekata boksi la kadibodi nikalikunja likawa ala.

Na kabla hujaanza kupika simama na kisu chako dirishani, makali yakiwa juu, uyaangalie kwa mbele. Makali mazuri hayaonekani, unaona giza tu. Ukiona mstari au nukta zinazong'aa, hapo ndo palipolala, leta kikombe.