Karatasi ya vipimo vya nguo: yanayoaminika na yalivyo kiwandani

Mtu akishachora gauni lake na kulipaka rangi, huona kazi kubwa imekwisha, kilichobaki ni kutafuta kiwanda. Kwa fundi mmoja hilo lawezekana: unasimama mbele yake, anakupima, unamwambia ongeza hapa, punguza pale. Kiwandani mkataji, mshona kola na mkaguzi ni watu tofauti, na wote watatu hawatakuona kamwe. Wanachokiona ni karatasi ya vipimo, yaani michoro, namba na maelezo ya nguo yako. Pale iliponyamaza wataamua wenyewe, na mara nyingi uamuzi utafuata uzi uliopo kwenye cherehani siku hiyo. Dhana nyingi potofu kuhusu karatasi hii zinatokana na kusahau jambo hilo.

Ya kwanza ni kwamba mchoro mzuri unatosha. Mchoro wa kuuzia wazo humrefusha mvaaji miguu na kuipeperusha nguo kama kuna upepo. Kiwanda kinataka nguo iliyolala bapa, mbele na nyuma, kila mshono umeonyeshwa, na sehemu ngumu kama kola au mdomo wa mfuko zimechorwa pembeni kwa ukubwa.

“Basi nitatuma nguo niliyonayo, wainakili.” Sampuli inasaidia sana, lakini haijitoshelezi. Imeshafuliwa, labda imevutika mabegani, na kasoro zake hazina alama. Mkono wa kushoto ukiwa mrefu kuliko wa kulia kwa nusu sentimita, nani anajua kama ulikusudia? Itume, na uandike ni nini cha kufuata kutoka kwake: umbo tu, au kitambaa, au namna kola ilivyokaa.

Dhana inayogharimu zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba saizi M inajulikana. Haijulikani. Hakuna kipimo kimoja cha M kinachofuatwa na viwanda vyote, na hata ukiandika namba, kuna maswali mawili nyuma yake. Je, ni kipimo cha mwili au cha nguo? Kifua cha sentimita 96 hakivai shati la sentimita 96, maana lazima ibaki nafasi ya kupumua na kunyoosha mikono. Swali la pili ni namba ilipimwa wapi. Laza fulana mezani, iguse tu ili mikunjo iondoke bila kuivuta, kisha pima kutoka kwapa hadi kwapa. Sasa shuka sentimita 2.5 chini ya kwapa upime tena. Kwenye nguo yenye umbo la kubana kiunoni majibu mawili hayatalingana, na kila sentimita inayopotea kwenye upana wa bapa ni sentimita mbili kwenye mzunguko. Kwa hiyo kila namba iende na maelezo ya mahali inapoanzia na inapoishia, pamoja na mshale kwenye mchoro.

Halafu kuna mpishano unaoruhusiwa, yaani kiasi ambacho kipimo kinaweza kuzidi au kupungua na nguo bado ikakubaliwa. Wengi huuacha wazi wakidhani ni kukaribisha uzembe, eti namba ni namba. Kitambaa kinateleza, mkasi unayumba, na ukidai usahihi kamili mkaguzi atakataa kila kitu au, la uwezekano zaidi, atapitisha kila kitu. Ila mpishano nao una hesabu yake. Chukua fulana ambayo upana wa kifua ni sentimita 52 kwa M na 54.5 kwa L. Ukiruhusu sentimita 1.5 juu na chini, M yaweza kufika 53.5 na L kushuka hadi 53. Zote mbili zimepita ukaguzi, na M ni kubwa kuliko L! Mpishano ubaki chini ya nusu ya tofauti kati ya saizi na saizi. Hapa sentimita 1 ingetosha. Sehemu ndogo kama kola hupewa pungufu ya hapo.

“Kitambaa ni pamba asilimia 100.” Hivyo ndivyo ilivyo dangirizi nzito, na fulana nyepesi pia. Taja aina ya ufumaji na uzito kwa gramu kwa mita ya mraba. Fulana ya gramu 140 na ya gramu 220 ni nguo mbili tofauti mwilini. Kisha kusinyaa: kama kitambaa kinasinyaa asilimia 5 kwa urefu na unataka sentimita 70 baada ya kufuliwa, inabidi fulana itoke mezani ikiwa na takriban 73.7. Karatasi isiposema kama vipimo ni vya kabla au baada ya kufua, mnunuzi atagundua mwenyewe nyumbani.

Rangi kwa picha ya simu? Kila kioo kina rangi zake. Tumia nambari ya Pantone, mfumo unaoipa kila rangi nambari yake, na iwe ya kitambaa: zinazoishia TCX ni za pamba, zinazoishia C ni za wino kwenye karatasi laini inayong’aa. Hata hivyo, omba kipande kilichotiwa rangi ukikague kabla ya kutiwa mzigo mzima, na mkubaliane ni chini ya taa gani, kwa kuwa rangi mbili huweza kufanana chini ya taa ya dukani zikaachana juani. Taa inayotumika sana kuwakilisha mwanga wa mchana ni D65.

Kuhusu mishono, husemwa kiwanda kinajua chenyewe. Kinajua, lakini hakijui bei uliyoahidi wala nguo itavaliwaje. Kiwango cha kimataifa cha ISO 4915 kimeipa mishono nambari, hivyo huhitaji maelezo marefu: 301 ni mshono wa kawaida wa uzi wa juu na wa bobini, 504 ni oveloki ya nyuzi tatu, inayofunga ukingo wa kitambaa. Ukiunganisha kitambaa kinachovutika kwa 301 pale shingoni, uzi utakatika mvaaji akipitisha kichwa. Andika pia idadi ya mishono kwa sentimita, maana mishono mirefu hushonwa haraka na kiwanda kinalipwa kwa vipande.

Wapo wanaoamini sampuli ikishapitishwa karatasi imemaliza kazi. Marekebisho ya “punguza mkono sentimita moja” huenda kwa ujumbe wa simu, yakaishia kwa aliyeupokea, na mkataji akakata mamia ya vipande kwa karatasi ya zamani. Kila badiliko lirudi kwenye karatasi, kila ukurasa uwe na tarehe na nambari ya toleo, na kiwanda kithibitishe kwa maandishi kwamba toleo la nyuma limeondolewa mezani.