Bastola ya babu: mhuri si jina la kiwanda

Kila msimu wa kusalimisha silaha kwa hiari unapofunguliwa, mezani kwetu hufika bastola kuukuu zile za silinda, zimeviringishwa kwenye kanga, na maelezo ni yale yale: "Afande, hii ni ya Mjerumani." Mara nyingi si ya Mjerumani. Na niseme mapema tusichoshane: ndani yake hamna rupia wala madini, hata uvumi useme nini.

Kinachowapoteza wengi ni mihuri. Mtu akiona herufi ELG na nyota ndani ya umbo la yai, anaamini amepata kiwanda. Huo ni mhuri wa ofisi ya majaribio ya silaha ya Liège, Ubelgiji, kwamba silaha ilijaribiwa kwa shinikizo kubwa kuliko la kawaida na haikupasuka. Karakana chungu nzima za mji ule zilipeleka kazi zao hapo, kwa hiyo mhuri unataja mji, hautaji fundi. Taji juu ya yai hilo liliongezwa mwaka 1893. Ukiliona, jua silaha ilijaribiwa mwaka huo au baadaye. Bastola halisi ya jeshi la Mjerumani, modeli ya 1879 au 1883, mara nyingi huwa na taji na neno ERFURT, au herufi V.C.S. na C.G.H. pamoja na SUHL, yaani watengenezaji Schilling na Haenel wa mji wa Suhl, waliofanya kazi kwa ushirika.

Kwa Waingereza, tazama jina la muuzaji lisikudanganye. ARMY & NAVY C.S.L. lilikuwa duka la London. Bastola yenyewe mara nyingi ni ya kiwanda cha Webley, Birmingham. Na 455 si mwaka, ni kipimo cha risasi.

Mzee mmoja alituletea yake inang'aa kama sufuria mpya. Mjukuu alikuwa ameipiga msasa "ili isomeke". Ubavuni ilibaki nusu ya taji na mguu wa herufi moja. Kutu tungeipenya. Msasa, hapana.

Sasa utaratibu. Iache ilipo. Usizungushe silinda, usivute nyundo. Risasi ya miaka 80 bado hulipuka. Usipande nayo daladala. Toa taarifa kituo cha polisi au kwa mtendaji, askari waifuate. Eleza ilikuwa ya nani, imepatikana wapi, lini, nani ameigusa. Omba hati ya mapokezi yenye tarehe, aina ya silaha, namba kama ipo, na jina la askari aliyepokea.

Uzee wa silaha si leseni, na leseni ya marehemu hairithiwi pamoja na shamba. Nje ya kipindi cha msamaha, kumiliki silaha kinyume cha sheria huangukia kwenye uhujumu uchumi, Sura ya 200 ya Sheria za Tanzania: kifungo kisichopungua miaka 20, kisichozidi 30.

Picha za WhatsApp hatuzitolei majibu, hasa zile za usiku ambazo kidole gumba kimekaa juu ya mhuri wenyewe.