Siku tatu kisiwani na rafiki: yanayosemwa na yalivyo

“Kisiwa chenyewe kidogo, tutakimaliza kwa siku moja.”

Kauli hii imeharibu safari fupi nyingi kuliko mvua. Ramani inakuonyesha umbali, haikuonyeshi maji. Sehemu kubwa ya mnachotaka kukiona kisiwani, iwe ni fungu la mchanga, pango la ufukweni au mwamba wa matumbawe, hufikika kwa saa ambazo bahari imeruhusu. Katika pwani nyingi maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili ndani ya takriban saa 24 na dakika 50. Ndiyo maana kila siku yanachelewa karibu dakika 50 kuliko jana: fungu lililokuwa kavu leo saa tatu asubuhi, kesho litakauka karibu saa nne. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, maji yakajaa sana na kupwa sana. Katikati ya hapo ni maji mafu, tofauti inakuwa ndogo, na mafungu mengine hayachomozi kabisa. Watu wawili wanaweza kwenda ufuko mmoja kwa wiki mbili tofauti, kila mmoja akarudi na habari yake, na wote wakawa wanasema kweli.

Mimi na rafiki yangu somo hili tulilipata kwa miguu. Tulivuka kwenda kwenye kisiwa kidogo maji yakiwa yamekupwa, tukazunguka, tukapiga picha, na tulipogeuka kurudi njia ilikuwa imeshafunikwa na maji ya kiunoni. Tulivuka tumeshikana mikono, mikoba kichwani. Tangu siku hiyo, kabla ya kuuliza mahali ni pazuri kiasi gani, tunauliza maji yanarudi saa ngapi.

“Tukapande kilimani tutazame jua likizama, tutashuka taratibu.”

Karibu na ikweta jua huzama wima, halitambai pembeni kama katika nchi za mbali kaskazini au kusini. Baada ya kuzama mna kama dakika 20 hadi 25 za mwanga wa kuwawezesha kuona njia. Bebeni tochi, moja kwa kila mtu.

“Leo kuna mawingu, hatutaungua.”

Kinachounguza ngozi si joto wala mwanga unaouona, ni miale ya urujuanimno, nayo hadi asilimia 80 yake inaweza kupenya mawingu mepesi. Maji nayo hayakingi kama watu wanavyodhani: nusu mita chini ya uso wa bahari, nguvu ya miale hiyo bado ni karibu asilimia 40 ya ile ya juu. Anayeelea kifudifudi kwa saa nzima akitazama samaki kwa miwani na mrija, mgongo wake uko juani muda wote huo, na ubaridi wa maji unamzuia kuhisi chochote mpaka jioni. Ngozi nyeusi ina kinga zaidi, lakini nayo huungua. Kwa safari ya siku tatu, kuungua siku ya kwanza ni kupoteza mbili zilizobaki. Vaa fulana ya kuogelea, na mafuta ya kukinga jua yapakwe upya kila baada ya saa mbili, na kila mnapotoka majini. Hapa mwenzako ana kazi, kwa sababu mgongo wako yeye anauona na wewe huuoni.

Wengine wakiona utabiri wa mvua wanakata tamaa kabisa. Kwenye visiwa vyenye milima, upepo unaotoka baharini hupandishwa na mlima, ukapoa na kumwaga mvua upande mmoja, huku upande wa pili ukibaki mkavu. Kauai, katika visiwa vya Hawaii, kuna kilele kinachopata wastani wa zaidi ya milimita 9,000 za mvua kwa mwaka, na pwani ya magharibi ya kisiwa hichohicho ni kavu. Mvua ikiwakuta, jaribuni upande wa pili. Na mlima upandeni asubuhi, kabla mawingu hayajakusanyika.

“Pale maji yametulia kati ya mawimbi, ndipo pa kuogelea.”

Hapa naomba msomaji asipite haraka. Maji yanayoletwa ufukweni na mawimbi lazima yarudi, na mara nyingi hurudi kwa mkondo mwembamba ambamo mawimbi hayavunjiki. Huo ndio ule utulivu unaowavutia wageni. Mkondo huo haukuvuti chini, unakupeleka nje, na ukiwa mkali hufikia zaidi ya mita 2 kwa sekunde. Hakuna mwogeleaji wa kushindana nao. Usipigane nao: elea, punga mkono, kisha ogelea sambamba na ufuko mpaka utoke ndani yake, ndipo urudi nchi kavu.

Dhana inayofuatana na hiyo ni kwamba anayezama atapiga kelele. Mara nyingi hapigi. Mdomo unazama na kuibuka, na pumzi ndogo anayoipata ni ya kuvuta hewa, haitoshi kuita. Kwa hiyo kumwambia rafiki “ukipata shida niite” si ulinzi; ulinzi ni kumtazama. Ukimwona katika hali hiyo, mrushie kitu kinachoelea na uite waokoaji. Anayezama humkamata anayemfikia na kumdidimiza bila kukusudia, na wapo wengi waliokufa wakiwaokoa wapendwa wao.

“Matumbawe ni mawe tu.”

Ni wanyama wadogo wanaojijengea mifupa ya chokaa. Aina zile kubwa za mviringo hukua kati ya sentimita 0.3 na 2 kwa mwaka, kwa hiyo unyayo mmoja wa kutafuta picha unaweza kuvunja kazi ya miaka kumi. Hata mchanga mweupe wa fukwe nyingi umepitia tumboni mwa samaki aina ya pono, wanaotafuna matumbawe na kuyatoa yakiwa unga. Pono mkubwa mmoja hutoa mamia ya kilo kwa mwaka. Nalo kombe tupu lina mwenyewe, maana kaa fulani huishi humo. Liacheni.

“Siku ya mwisho tuzamie asubuhi, jioni tupande ndege.”

Kwa anayezamia na mtungi wa hewa mgongoni, hili ni hatari. Chini ya maji mwili hunyonya naitrojeni zaidi, na mtu akipanda juu angani kabla haijatoka, hugeuka viputo kwenye damu na viungo. Ushauri wa wataalamu wa uzamiaji ni kusubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja, na saa 18 baada ya mbizi kadhaa. Kupanda mlima mrefu kuna hatari hiyohiyo. Basi mtungi uwe wa siku ya kwanza au ya pili. Asubuhi ya mwisho tosheni na miwani na mrija, mkielea juujuu: hiyo haina sharti la kusubiri, na pono wanaonekana vizuri kabisa kutoka juu.