Je, kujiona umeshika hatamu hupunguza msongo siku zote?

Wengi huamini kwamba ukijiona una uwezo juu ya jambo, msongo wa mawazo hupungua. Mara nyingi ni kweli. Lakini jambo likiwa nje ya uwezo wako, imani hiyohiyo hugeuka mzigo: anayemuuguza mzazi mwenye saratani hujilaumu hali ikizidi, kana kwamba angekesha zaidi mgonjwa angepona. Tena kule kung'ang'ana hupandisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu, hata kama usoni ametulia (na waliotulia ndio tunaosahau kuwajulia hali). Ukitaka kujipima, andika kwa wiki moja yanayokusumbua, kisha weka alama pale tu ambapo hatua yako ilibadilisha kitu. Siku zisizo na alama, ulilalaje?