Kibiriti hakijui magamba: yanayoaminiwa vibaya kwenye biashara ya meshi (nywele za kushonea na kusukia) Lubumbashi

“Ni nywele za watu? Washa kibiriti tuone.” Kuanzia meza za Soko la Kenya mpaka saluni za Katuba, mitaa ya hapa Lubumbashi, huo ndio ukaguzi wote. Uzi mmoja unachomwa, unanuka kama kuku anayebabuliwa, majivu yanasagika vidoleni, na mwenye saluni anaridhika. Kilichobaki kwake ni kumtafuta anayeuza kwa bei ya chini kuliko wote. Wiki tatu baadaye mteja anarudi na kichwa kilichoganda kama sponji ya vyombo, na lawama zinatupiwa shampuu, mshonaji, au vumbi jekundu la kiangazi.

“Zote ni za watu, basi chukua za bei ya chini”

Hii ndiyo inayochosha kuliko zote, kwa sababu anayeisema amepima kweli. Amepima kitu kisichomsaidia.

Kibiriti kinajibu swali moja: je, uzi huu ni plastiki? Plastiki inayeyuka, inajikunja na kuacha kidonge kigumu cheusi. Nywele zinaungua na kuwa majivu. Lakini nywele za mbuzi zinanuka vilevile, na nywele za binadamu zilizookotwa sakafuni zinanuka sawasawa na zilizokatwa kichwani zikiwa zimefungwa mkia. Na kwenye fungu lililochanganywa ukichomoa uzi mmoja tu, unaweza kubahatika kuupata ule wa mtu na kuiacha plastiki yote ndani. Tofauti ya fungu la dola 15 na la dola 40 huwezi kuiona kwenye moshi.

Iko kwenye magamba. Kila unywele umefunikwa na magamba madogo yanayolala kutoka shinani kwenda nchani, kama ya samaki. Pitisha kidole kwa samaki kuelekea mkiani, kinateleza; kirudishe kuelekea kichwani, kinakwaruzwa. Nywele zilizokatwa kwa fungu moja, shina zote upande mmoja, magamba yake yote yanaelekea njia moja. Hizo ndizo Remy, na neno hilo halina maana nyingine yoyote. Nywele zilizokusanywa kwenye vitana, kwenye mitaro ya mabafu na sakafu za saluni hazina kichwa wala mkia: shina la huu limelala kwenye ncha ya ule. Ukizishona zikiwa hivyo, magamba yananasana siku ya kwanza tu.

Kiwanda kinajua. Ndiyo maana nywele hizo zinatumbukizwa kwenye tindikali mpaka magamba yaondoke, kisha zinapakwa rangi nyeusi na kufunikwa kwa silikoni. Zikifika mezani zinang'aa na kuteleza kuliko Remy yenyewe. Silikoni hiyo inatoka kidogo kidogo kila unapoziosha, na kufikia mara ya tatu au ya nne kilichobaki ni uzi ulio uchi, mkavu, usioshika mafuta. Hakuna krimu ya kuurudishia magamba, kwa hiyo acheni kuuliza ni krimu gani.

Kupima hili hakuhitaji mashine. Chomoa nyuzi kumi kwenye mshono, ule ukanda wa juu unaoshikilia nywele za fungu, zote ukizishika upande uliotoka mshononi. Weka uzi mmoja kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha vibiringishe vidole mbele na nyuma kana kwamba unahesabu noti. Unywele wenye magamba unatembea wenyewe, na siku zote unatembea kuelekea shinani. Rudia kwa zote kumi. Zikitembea zote upande wa mshono, una nywele zilizopangwa. Sita zikienda huku na nne kule, zimechanganywa. Zisipotembea kabisa, zinateleza tu mahali pamoja, magamba yalishakwenda na unashika silikoni.

Kipimo cha pili kinachukua siku mbili, na ndicho tunachokisisitiza kabla ya mtu kuagiza mafungu 50. Nunua fungu moja. Nusu kijiko cha chai cha sabuni ya vyombo kwenye lita moja ya maji ya uvuguvugu, osha kuelekea chini bila kufikicha, suuza, anika. Usiweke krimu wala mafuta. Hapo ndipo watu wanapoharibu kipimo, wanaihurumia nywele. Fanya hivyo mara tatu, na angalia rangi ya maji. Zikishakauka mara ya tatu, zisugue kwa kitambaa kikavu cha pamba kama mto unavyosugua kisogo usiku, kisha pitisha kitana cha meno mapana kuanzia nchani. Nzuri zitakuwa zimepungua mng'ao, zimevimba kidogo, lakini kitana kitapita. Mbaya zitakuwa zimeshafunga mafundo.

Mwenye kuuza za kubadilisha rangi aongeze kipimo kimoja: kipande kidogo kwenye poda ya kuondoa rangi na oksidanti ya 20 volumu, ile ya asilimia 6, dakika 30. Nywele zilizopitia tindikali na rangi nyingi zinatoka na mabaka ya machungwa, au zinalainika na kuvutika kama ubani ulioloweshwa. Afadhali kipande cha vidole viwili kiharibike mikononi mwako kuliko kichwa kizima siku ya harusi.

“Bei ya chini ndiyo faida”

Tuhesabu, maana hapa watu wanasema kwa uhakika bila kushika kalamu. Tuseme una mtaji wa dola 900, na kila kichwa kinachukua mafungu matatu. Za dola 15 unapata mafungu 60, yaani vichwa 20. Unauza fungu kwa dola 30, kila kichwa kinakuachia dola 45, jumla 900. Za dola 40 unapata mafungu 22, vichwa saba na fungu moja linabaki. Unauza kwa 65, kila kichwa dola 75, jumla 525. Kwenye karatasi, bei ya chini imeshinda, na wanaosema hivyo hawajakosea hesabu. Wameiacha njiani.

Sasa wanane kati ya wale 20 wanarudi. Ukiwapa mafungu mapya, ni dola 45 za mali kwa kila mmoja: 360. Kufumua na kushona upya, hata ukimlipa mshonaji dola 10 tu kwa kichwa, ni 80. Umebaki na 460. Na hapo tumekuwa wapole: hatukuhesabu kiti kilichokaliwa na mtu asiyelipa, wala shemeji zake na wenzake wa kanisani waliosikia habari. Ukikataa kuwabadilishia, dola zako unabaki nazo, lakini Lubumbashi wanawake wanaulizana “hizo umeshonea wapi?” kabla ya kuulizana bei.

Wale saba wa Remy wanafanya kitu kingine. Baada ya wiki sita mpaka nane wanarudi wakiwa na nywele zilezile, wanalipa kufumua, kuosha na kushona tena. Fungu uliliuza mara moja, kazi unaiuza mara tatu au nne. Hiyo ndiyo faida ambayo bei ya chini haina.

Simaanishi kila cha bei ya chini ni kibaya. Meshi za plastiki za kusukia, za dola mbili au tatu, ni bidhaa ya haki kabisa: mteja anajua ni plastiki, anasuka, wiki nne anafumua na kutupa, hakuna aliyemdanganya mwenzake. Kwa mwenye mtaji mdogo ni heri kuanza nazo kuliko kuanza na nywele zilizopitia tindikali zenye karatasi ya Remy.

“Hizi ni 12A, yaya, tena za Brazil”

Hizo A hazipimwi na mtu yeyote. Hakuna ofisi, hapa wala China, inayotoa daraja hizo. Kila muuzaji anabandika yake. Mwenzake akiandika 10A, yeye anaandika 12A, na nywele ni zile zile za gunia moja.

Na Brazil ni jina la mtindo wa wimbi. Nywele nyingi sana sokoni zinatoka bara la Asia. India, kwenye hekalu la Tirumala, mahujaji wananyoa nywele kama sadaka na hekalu linaziuza kwa mnada. Viwanda vingi vya kuzichambua na kuzishona viko China, na mji wa Xuchang katika jimbo la Henan unaishi kwa kazi hiyo. Anayekuambia amezileta kutoka Lima au Rio, mwulize tu mzigo umepita wapi. Umepita Guangzhou, China, kama mizigo mingine, ukaja kwa ndege au kwa Dar es Salaam na mpaka wa Kasumbalesa.

“Inchi 30 ni inchi 30”

Nywele inakua kama sentimita moja na robo kwa mwezi. Inchi 30 ni sentimita 76, yaani miaka mitano bila mkasi, na kwa mtu ambaye nywele zake zinafika huko bila kukatika. Wa namna hiyo ni wachache. Kwa hiyo fungu la inchi 30 lenye bei ya inchi 14 lina nyuzi chache ndefu juu na fupi nyingi ndani: shikilia mshono juu, teremsha mkono mpaka nchani, utaona mkia wa panya. Yale yenye unene ule ule mpaka mwisho yamechambuliwa kwa mkono, fupi zikatolewa, na aliyelipwa kuzitoa yumo ndani ya bei.

Leta mizani ya jikoni. Fungu linatakiwa kukaribia gramu 100. Ya “bei nzuri” mara nyingi yana 75 au 80, kwa hiyo mteja wa mafungu matatu anahitaji la nne, na bei nzuri imekwisha hapo. Pima pia urefu nywele ikiwa imenyooshwa, maana za kujikunja zinapimwa hivyo kiwandani. Inchi 18 za kujikunja hazifiki inchi 18 zikikaa kichwani.

Kuhusu rangi: nyeusi tii, ile namba 1, imepakwa. Rangi inaficha mchanganyiko, hata mvi. Ya asili ni namba 1B, nyeusi yenye ukahawia ukiiweka juani, na nyuzi zake hazilingani sana. Zikilingana kama soksi mpya, jiulize.

“Za watu hazihitaji kazi”

Zinahitaji kuliko zako, kwa sababu hazipati mafuta ya kichwa. Na maji ya visima vingi hapa yana chokaa. Tazama ukoko mweupe ndani ya birika lako: huo ndio unaokaa kwenye nywele na kuzifanya ngumu, kisha mteja anadhani ameuziwa mbaya. Kijiko kimoja cha mezani cha siki kwenye lita moja ya maji, suuza mwisho baada ya shampuu, acha dakika mbili, malizia kwa maji ya mvua kama yapo. Usiku kitambaa cha satini. Kiangazi, kuanzia Mei mpaka Septemba, usipake mafuta mazito; yanakamata vumbi na kutengeneza tope jekundu juu ya mshono.

Kunyonyoka nako mara nyingi hakutokani na nywele. Mshonaji ametoboa mshono kwa sindano, au ameukata katikati bila kuuziba. Tumia sindano ya kupinda, zungusha uzi juu ya mshono mzima bila kuuchoma, na pale unapofika pembeni ukunje badala ya kukata. Ulioshonwa kwa mkono haukatwi kamwe, unafumuka wote.

“Sampuli ilikuwa nzuri, kwa hiyo mzigo utakuwa mzuri”

Sampuli inachaguliwa na mtu anayetaka kazi yako. Agizo la kwanza huwa zuri, la pili la wastani, na kufikia la tatu wanakuwa wamekuzoea. Kata kipande cha mshono cha sentimita 10 kwenye kila sampuli uliyoikubali, kifunge, kiandikie tarehe na uzito wa fungu, kiweke mbali na jua. Mzigo ukifika, chukua mafungu matatu kutoka juu, katikati na chini ya katoni. Mzuri huwekwa juu. Pima, biringisha nyuzi kumi za kila moja, linganisha na kipande chako. Guangzhou hakuna wa kukurudishia kitu, lakini aliyekuletea mpaka mlangoni bado anadai salio lake. Fungua katoni mbele yake, kabla hujahesabu dola.