Kwa nini ndege hasafiri huku akinyonyoka manyoya

Mfugaji wa kuku analijua hili bila kufundishwa: kuku akianza kunyonyoka, mayai hukatika. Wapo wanaokimbilia dukani kununua dawa, na mara nyingi hakuna ugonjwa wowote. Unyoya hujengwa kwa keratini, aina ya protini inayojenga kucha pia, na mwili unaootesha maelfu ya manyoya mapya haubakiwi na cha kutosha kwa mayai.

Ndege wa porini ana hesabu hiyohiyo, na wale wanaohama wana kazi ya tatu juu yake, yaani safari. Kuzaa, kusafiri na kubadili manyoya zote hula nguvu nyingi, kwa hiyo ndege wengi hawazichanganyi. Ratiba nzima ya mwaka wao hupangwa kwa kuzipisha kazi hizo.

Kubadili hakukwepeki. Unyoya ukishakomaa hauna damu wala uhai tena. Jua huudhoofisha, mchanga na majani huukwangua. Nyuzi zake za pembeni zimeshikana kwa vijikulabu vidogo mno, kama zipu, na zikiachana ndege huzirudisha kwa mdomo. Ndiyo maana hushinda akijichambua. Ila uliokatika haujiungi. Na bawa humwinua ndege kwa kuisukuma hewa chini. Likiwa na mianya, hewa hupenya, naye hulazimika kupiga mabawa kwa nguvu zaidi. Rangi nyeusi husaidia kidogo, kwa kuwa melanini, kitu kinachotia weusi huo, huuimarisha unyoya. Tazama ncha za mabawa ya korongo mweupe.

Manyoya ya kurukia hayadondoki ovyo. Kwa ndege wengi huanza la ndani katika yale ya ncha ya bawa, halafu zamu huelekea nje, kulia sawa na kushoto, ndege asije akapinda upande. Ukimwona mwewe angani ana pengo katika kila bawa, mahali palepale, usidhani kapigwa jiwe.

Bata wa majini wengi hawana subira hiyo. Huyapukutisha yote kwa mpigo, wakakaa wiki tatu au nne wamejificha kwenye matete bila kuweza kuruka. Hondohondo wadogo wamepata ujanja ninaoupenda kuliko wote: jike hujiziba ndani ya tundu la mti, akabakiza ufa wa kulishwa na dume, kisha humo humo akataga na kupukutisha manyoya ya mabawa na mkia. Mtu asiyetoka nyumbani hahitaji mabawa.

Ratiba za wasafiri zinasomeka vizuri Ngulia, katika hifadhi ya Tsavo Magharibi nchini Kenya. Tangu mwaka 1969, ndege wanaotoka Ulaya na Asia wamekuwa wakinaswa huko, hasa Novemba na Desemba. Usiku usio na mwezi, ukungu ukitanda kilimani, taa za hoteli iliyopo hapo huwavuta wakashuka. Hunaswa kwa nyavu laini, hupimwa, huvalishwa pete nyepesi yenye namba, kisha huachiwa. Waliokwisha kuvalishwa ni mamia ya maelfu.

Chukua wawili wanaofika usiku mmoja. Wa kwanza ni ndege mdogo mwimbaji ambaye kwa jina la kisayansi huitwa Luscinia luscinia. Aliyekomaa huja na mabawa mapya, kwani alishabadili manyoya Ulaya kabla ya kuondoka. Wa pili, Acrocephalus palustris, mwimbaji mwingine mdogo mwenye gramu 11 hadi 13 hivi, huja na manyoya yaliyochakaa. Yeye hukaa Ulaya muda mfupi tu wa kuzaa, huanza kuondoka Julai ikielekea mwisho, hupumzika wiki nyingi pande za Ethiopia na Sudan, hupita Kenya, na hatimaye hubadili manyoya kusini mwa Afrika baada ya mwaka mpya. Kinda wake aliyezaliwa mwaka huohuo hatuchanganyi na mzazi, kwa kuwa mabawa yake bado yana ncha nzima.

Ndege huyu ana kingine pia. Mtafiti Françoise Dowsett-Lemaire aligundua, huko Ubelgiji, kwamba kila dume huiga sauti za aina 76 za ndege kwa wastani, na zaidi ya nusu ni ndege wa Afrika.

Mbayuwayu wa Ulaya hula akiwa angani, kwa hiyo hawezi kumudu pengo kubwa. Akiwa huku kwetu hubadili manyoya polepole, kazi inayomchukua miezi kadhaa, na huimaliza karibu na safari ya kurudi.

Ukiokota ndege aliyekufa mwenye pete, usimshike kwa mkono mtupu. Tumia glavu au mfuko wa plastiki. Nakili namba na anwani iliyochorwa kwenye pete, andika tarehe na mahali, kisha tuma taarifa kwa anwani hiyo. Akiwa hai, soma namba umwachie na pete yake. Kwa aliyekufa, likunjue bawa moja ulipige picha kwa juu, manyoya yote yaonekane: mapya huwa yamekolea rangi na yenye kingo kamili, ya zamani yamepauka na kuchanika.